Namba ya Juu Ni ya Mwili

Tik. Kimya. Tik, tik, kisha mvumo mdogo kama wa nyuki aliyefunikwa na kikombe.

Kisanduku changu huamka kabla yangu kila siku. Kinakaa chini ya meza ya cherehani, hakizidi ukubwa wa tofali, na kina taa moja ya kijani. Mume wa mwanangu ndiye aliyekileta. Alikipangia kwamba kila siku kabla hakujapambazuka kijikague chenyewe, kione kama vitu vyote nilivyokipa vingalimo. Mimi huwa nakisikia nikiwa kitandani, naridhika, nageukia ukutani, nalala tena. Siku hiyo sikugeuka. Nilitafuta kandambili kwa miguu, nikawasha taa, nikakiambia, "Leo mimi na wewe, mpaka mmoja wetu achoke. Na si mimi."

Nieleze kilichonitoa kitandani.

Jana yake jioni alinipigia simu Pini. Pini si jina lake la kuzaliwa. Nilimpa mimi alipokuja kwangu kujifunza kazi akiwa msichana, kwa tabia yake ya kushika pini midomoni hata akizungumza. Nilimgombeza miaka mitatu, hakuacha, na hajawahi kumeza hata moja. Sasa ni mama wa watoto wawili, na ndiye mshonaji wa hospitali moja iliyo mbali nami, safari ya siku nzima kwa basi. Aliniambia wodini kwao kuna binti wa miaka tisa aliyevunjika nyonga. Wamemfunga plasta ngumu kuanzia kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu yote miwili. Miguu imetanuliwa, na katikati wameweka kijiti cha kuizuia isikutane. Kesho yake saa nane mchana baba yake angekuja kumchukua kwa gari la kuazima, na gari amepewa kwa siku hiyo tu.

"Sasa shida iko wapi?" nikamuuliza.

"Shida ni nguo, Mama. Gauni halimsitiri, miguu ikikaa vile. Wauguzi wamemwambia watamfunika shuka. Amekataa kabisa. Anasema hapiti getini kama kitanda kinachotembea. Wamwache hapohapo mpaka miguu ikutane."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mtoto wa miaka tisa anajua anapotazamwa.

"Ile suruali yetu ya pande mbili," Pini akasema. "Mama, ungali nayo?"

Ninayo. Nilishona kwenye chumba cha kushonea cha hospitali ya hapa kwetu miaka thelathini na mmoja. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, hayo kila mtu anayaweza. Kazi niliyoipenda ilikuwa nguo za miili ambayo duka haliijui: shati la mtu mwenye mkono mmoja, blauzi ya mama aliyepasuliwa kifua, na hiyo suruali. Inafunguka pande zote mbili kutoka kiunoni mpaka chini, inafungwa kwa vikamba, na katikati imekatwa kama hema ili ipite juu ya kijiti. Ina vipande kumi na kimoja na hakuna kilichonyooka. Niliianza kwa ajili ya mtoto wa mpishi wa hospitali. Niliharibu mara sita, nikapata mara ya saba, na pateni yake, yaani zile karatasi za kukatia, nikaitunza kama cheti cha ndoa. Nilipostaafu, mkubwa mpya wa chumba alitaka kuzitupa zote kwa sababu zimejaa kabati. Nikazibeba nyumbani.

Karatasi nazo huzeeka. Zilianza kukatika kwenye mikunjo. Mume wa mwanangu akaziona, akaziviringisha kwa uangalifu, akazitia kwenye mabomba ya plastiki, akazipeleka mahali wanapochapa ramani za nyumba, na kwa siku mbili akakaa huko zikipigwa picha moja moja kwa ukubwa wake halisi. Siku mbili za likizo yake. Kisha akaziingiza kwenye hicho kisanduku, akaweka na programu ya kuyafikia mafaili kutoka mbali, ili yeye na mwanangu waweze kuyafungua wakiwa kwao. Mimi sikuwa nimeomba. Vitu kama hivyo mtu huvikumbuka.

Basi jioni ile tulijaribu kwanza njia ya mkato. Nilitandaza karatasi sakafuni, nikazipiga picha kwa simu, nikamtumia Pini. Simu huzibana picha, na mimi nilizipiga kwa kuinamia upande mmoja. Pini akachapa, akakata kwenye kitambaa cha majaribio, akanipigia.

"Mama, nimeshona suruali ya sungura."

"Upana?"

"Mguu mmoja unamtosha sungura, wa pili unamtosha baba wa sungura."

Njia ikabaki moja: Pini afungue faili lenyewe, kwenye kisanduku, kwa ukubwa wake. Faili ni zito mno kupachikwa kwenye barua pepe. Na ile programu haimfungulii mgeni hivihivi. Ukishamwandika jina, yenyewe humtumia mgeni barua pepe yenye kiungo cha kubonyeza na namba ya siri ya kutumika mara moja. Bila barua hiyo, mlango umefungwa. Na barua hazikuwa zikitoka, kwa sababu hatukuwahi kuiambia programu ipeleke barua zake kupitia wapi. Mkwe wangu alikuwa amesema, "Hiyo tutaipanga siku nyingine, Mama, kwa sasa tuko sisi tu."

Siku nyingine ilikuwa imefika, naye hakuwepo. Kazi yake ni kutengeneza minara ya simu, na ajabu yake ni kwamba akiwa juu huko kwenye minara ndipo simu yake haishiki. Jioni ile alinipata kwa dakika kumi na moja. Alinitumia nenosiri kwa ujumbe, akanisomea mambo ya kujaza, nami nikayaandika kwenye daftari lililokuwa karibu. Alipofika kwenye "na ikishindikana, Mama..." sauti ikakatika. Nikajua hapatikani tena mpaka kesho kutwa.

Pini alihitaji saa tatu za kukata na kushona. Kwa hiyo pateni ilipaswa kumfikia kabla ya saa tano asubuhi. Hesabu ilikuwa hiyo tu.

Niliketi mbele ya kompyuta na chai yangu, nikavaa miwani, nikafungua ukurasa wa mipangilio kama alivyonielekeza. "Barua pepe za kutoka." Chini yake visanduku tupu: jina la seva, namba ya poti, aina ya kufuli, jina la akaunti, nenosiri, barua itoke kwa nani. Nikavijaza kimoja kimoja, kidole kimoja kimoja. Kwenye kufuli palikuwa na machaguo matatu: hakuna, STARTTLS, na SSL. Daftari langu lilisema STARTTLS kwanza. Nikachagua hilo. Nenosiri lilikuwa na herufi kumi na sita, nikaliandika nikishusha pumzi kila herufi nne. Kisha nikabonyeza "Tuma barua ya majaribio".

Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Nikanywa chai. Kikazunguka mpaka chai ikaisha, halafu yakatokea maneno: "Muda umekwisha. Seva haikujibu."

Nikasema sawa. Mshono ukipinda unafumuliwa, hautukanwi. Nikafuta kila kitu, nikaanza upya kutoka juu. Kiduara, chai nyingine, muda umekwisha. Nikafumua tena. Mara ya nne nilikuwa nimelijua nenosiri kwa moyo, na kumepambazuka.

Saa moja hodi ikapigwa, na kabla sijaitika mlango ukafunguliwa. Ni mtu mmoja tu anayebisha hodi akiwa tayari ndani.

"Shemeji, taa yako inawaka tangu usiku wa manane. Umepata mchumba?"

"Nimempata. Huyu hapa, ana jicho moja la kijani na hasemi."

"Basi ni mzuri kuliko marehemu. Yule alikuwa na mawili na hakunyamaza."

Huyo ndiye Stempu, jirani yangu, rafiki wa marehemu mume wangu tangu ujana wao. Alifanya kazi posta mpaka akapewa saa ya ukutani na kuagwa. Tangu mume wangu afariki, kila asubuhi hupita kuona kama niko mzima, lakini hasemi hivyo. Huja na kisingizio. Siku hiyo alikuwa ameshika bisibisi, eti anairudisha. Bisibisi si yangu, na sijui ni ya nani.

Nikamweleza yote. Habari ya binti wa plasta ilipofika kwenye kitanda kinachotembea, aliketi.

"Ana haki," akasema. "Mimi nilipofanyiwa upasuaji wa ngiri walinitoa na lile gauni la wazi mgongoni. Mpaka leo kuna watu mtaani siwasalimii, kwa sababu najua walichokiona."

"Tuliokuwepo tulijitahidi kutazama pembeni."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Endelea kusoma hapo, shemeji."

Akavuta kiti, akatoa kioo chake cha kukuzia maandishi, akaanza kukagua skrini kama mtu anayetafuta chawa. Alitaka nimweleze kila neno. Seva ni nini? Nikamwambia nionavyo mimi: ni kama ofisi ya posta. Poti je? Kama namba ya dirisha. Hapo macho yakamng'aa.

"Hii ni kazi yangu kabisa! Kwa nini hukuniita tangu saa kumi? Soma jina la ofisi." Nikasoma, akalinganisha herufi kwa herufi na daftari. Sawa. "Soma dirisha." Nikasoma: mia nne sitini na tano. Akatazama daftari, akaona ipo. "Soma kufuli." Nikasoma. Lipo. "Basi bonyeza, mimi nipo."

Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka mbele yetu wawili kwa heshima ileile. Muda umekwisha.

"Labda wamefunga kwa chakula cha asubuhi," Stempu akasema.

"Stempu."

"Nasema tu. Sisi tulikuwa tunafunga."

Tulijaribu vyote tulivyoweza kuvifikiria. Nilizima kisanduku nikakiwasha. Stempu alikwenda kutazama waya ukutani, akausukuma, akasema ulikuwa umelegea, nami najua haukuwa umelegea, alitaka tu nipate moyo. Nilipiga simu ya mkwe mara tatu, ikanijibu ile sauti ya kike isiyochoka. Saa mbili ikapita. Vidole vyangu vya kulia vilianza kukakamaa. Stempu akaniona nikivinyoosha, akaenda jikoni akarudi na beseni la maji ya uvuguvugu, akaliweka kando ya kibodi. Nikachovya mkono, nikaufuta, nikaendelea.

"Unaweza kumwambia ukweli," akasema taratibu. "Kwamba umejaribu. Atakuelewa."

"Pini ataelewa. Yule mtoto je, nimpelekee kuelewa akavae?"

Stempu akasogeza kiti karibu zaidi.

Saa mbili na nusu Pini akapiga. Nyuma yake nilisikia vyombo vya wodini na magurudumu ya toroli.

"Mama, shikamoo. Kuna lolote?"

"Marahaba. Bado. Nazungushwa tu."

"Yuko hapa anasikiliza. Nimemwambia Bibi anashughulikia."

Sauti ndogo ikaingia, kavu, ya mtu aliyekwisha kuamua: "Bibi, kama haiwezekani, sema tu. Mimi nitabaki. Nimeshazoea."

Aliposema amezoea, nilitamani kukibeba kisanduku kichwani nimpelekee. "Mwanangu," nikamwambia, "mimi sijasema haiwezekani. Nikisema, ndipo uzoee. Mpe simu huyo mwenye pini."

Pini akarudi. "Nisomee ulivyojaza, Mama. Pengine mtu wa kompyuta wa hapa atanisaidia kuelewa."

Nikamsomea. Seva, poti mia nne sitini na tano, kufuli STARTTLS. Nikamsikia anarudia kimyakimya na pini zake midomoni.

"Mama. Umeandika kwenye daftari gani?"

"Hili la vipimo. Ndilo lilikuwa karibu."

"Namba ziko ngapi hapo kwenye poti?"

Nikatazama. "Mbili. Mia tano themanini na saba juu, mia nne sitini na tano chini yake."

"Na wewe umechukua ya chini."

"Natumia ya chini siku zote."

Alianza kucheka, nikasikia pini zikimwagika mezani. "Mama! Umekata nguo!"

Nikashika kichwa. Kwa wasioijua kazi yetu: katika daftari la vipimo unaandika namba mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya mwili wa mtu. Ya chini ni ya kitambaa, baada ya kuongeza nafasi ya mshono. Na unapokata, macho yanakwenda kwenye ya chini pekee. Nimefanya hivyo miaka thelathini na mmoja, nikawafundisha wasichana kwa rula vidoleni, Pini akiwa wa kwanza. Mkwe wangu alikuwa amenisomea njia mbili, kila poti na kufuli lake: ya kwanza hii na hii, ikishindikana ya pili ile na ile. Mimi mkono wangu uliziandika juu na chini kama kiuno na kiuno cha kukatia. Nikachukua kufuli la njia ya kwanza na namba ya njia ya pili.

Stempu alikuwa ameinama juu ya daftari na kioo chake. Pembeni nilikuwa nimeandika maneno ya mkwe bila kuyaelewa, nayo yalisema: "Ya kwanza unaingia wazi, mnasalimiana, ndipo mnafunga. Ya pili unaingia umeshafunga."

"Sasa naelewa," Stempu akasema. "Wewe umekwenda dirisha la wanaoingia wamefunga, ukasimama wazi unangoja kusalimiwa. Karani naye anangoja ufunge kwanza. Mmekaa asubuhi nzima mnatazamana kama wachumba."

Nikafuta ya chini. Nikaandika ya juu: mia tano themanini na saba. Nikabonyeza.

Kiduara hakikumaliza hata mzunguko mmoja. Maneno mekundu yakatokea upesi: "Mtumaji amekataliwa."

Stempu aliguna, lakini mimi nilipiga meza kwa furaha. "Wamejibu! Shemeji, wamenijibu. Aliyekuwa kimya sasa ananikatalia, huyo naweza kuzungumza naye."

Nikamwambia Pini asubiri, nikakata simu. Stempu akapitisha kioo kisanduku kwa kisanduku, akasimama kwenye cha mwisho, kile cha barua itoke kwa nani.

"Hii anwani ni ya nani?"

"Yangu."

"Hii ni ya hospitali. Ya chumba cha kushonea."

"Ndiyo. Ni yangu."

"Ulistaafu lini, shemeji?"

Nikafuta miwani. "Huu mwaka wa sita."

"Na akaunti unayoingilia dirishani?"

"Ya nyumbani. Alinifungulia mkwe."

Alishusha kioo. Stempu akitaka anaweza kukuchana kwa maneno mpaka uombe sindano, lakini sauti aliyoitumia hapo ilikuwa ile aliyotumia siku ya msiba. "Dirishani kwangu, mtu akija na kitambulisho cha kiwanda na mfuko wa barua uliopigwa muhuri wa shule, nilikuwa siupokei."

"Akiwa mwanamke mzuri je?"

"Ningeupokea, nikafukuzwa kazi siku hiyohiyo." Kisha akasema, "Lazima muhuri na mwenye kuuleta wawe mtu mmoja. Hawakukatai wewe. Wanakataa hiyo anwani."

Niseme ukweli. Sikuiandika kwa kukosea. Nilipofika kwenye kile kisanduku alfajiri, nilifikiri: barua inakwenda hospitali, inahusu kazi, itoke mahali pa kazi. Nikaandika anwani ile kama mtu anavyovaa koti lake la zamani akikumbuka alivyopendeza nalo. Miaka sita sijawahi kujiandika kwa heshima yoyote nyingine. Kidole changu kilikaa juu ya kitufe cha kufutia, kikakaa. Stempu akageuka akatazama dirishani, akaanza kusifu mnazi wa jirani ambao kila siku huulaani.

Nikaifuta. Nikaandika anwani yangu ya nyumbani. Kwenye sehemu ya jina la mtumaji, mahali pa kuandika utakalo, nikafikiri kidogo, nikaandika "Fundi". Hilo hakuna aliyenistaafisha.

Nikabonyeza. Nikahesabu mapigo yangu: moja, mbili, tatu, nne.

"Barua ya majaribio imetumwa."

Na simu yangu ikalia mlio wa barua, pale mezani, kando ya beseni. Nikaifungua. Ilikuwa na mstari mmoja tu: "Ukiisoma barua hii, mipangilio yako iko sawa." Stempu akaitaka, akaisoma mwanzo mpaka mwisho kwa kioo, ingawa ni mstari mmoja, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Imefika salama," akasema. "Haina hata mkunjo."

Ilikuwa saa tatu na robo. Nikamwandika Pini kwenye orodha ya wageni, nikamruhusu kufungua folda moja tu, ya suruali, nikabonyeza "Alika". Nikampigia.

"Sijaona kitu, Mama."

"Tazama tena."

"Hakuna."

Stempu akaninong'oneza, "Muulize kama ametazama kwenye kapu la barua zisizo na mwenyewe. Kila posta inalo." Nikamuuliza. Pini akabofya huku na huku, akapiga kelele. Ilikuwa imetupwa kwenye taka, kati ya watu wanaogawa zawadi za bure na mtu anayeuza dawa ya upara. Akaiokoa, akabonyeza kiungo, akaandika namba ya siri. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mama, naona mwandiko wako."

"Usiutazame mwandiko. Chapa. Pale pembeni kuna mraba, ukichapa uupime. Ukiwa sentimita tano, kata. Usipokuwa tano, usiguse mkasi."

Mashine ya kuchapia ilikuwa ofisini kwao, ghorofa ya chini. Alikimbia na simu mfukoni, nikasikia ngazi zote. Karani wa ofisi, mtu nisiyemjua, aliacha kuchapa barua zake mwenyewe ili ampishe, nikamsikia akisema, "Pitisha zako, dada, hizi zangu hazina mgonjwa." Nimemwekea akiba ya shukrani hadi leo. Kisha rula ikagonga meza.

"Tano," Pini akasema. "Tano kamili, Mama."

"Basi kata. Ya juu ni ya mwili..."

"...ya chini ni ya kitambaa. Najua! Leo mimi ndiye nimekufundisha!"

Akakata simu kwa kicheko, na nyumba yangu ikawa kimya kabisa.

Saa zile nne zilizofuata sikuweza kukaa. Nilifagia palipofagiwa. Nilitia uzi kwenye sindano zote nilizonazo. Stempu hakwenda kwake. Alisema mgongo unamuuma na kiti changu ni kizuri kuliko chake, nacho kiti hicho mguu mmoja ni mfupi. Akatumia ile bisibisi isiyo na mwenyewe kuukaza. Mara kwa mara aliuliza, "Sasa atakuwa wapi?" nami nikamjibu kwa makadirio: anaunga katikati, anageuza pindo, sasa anashona vikamba, viko kumi na vinne, hapo mtu hachekeshwi.

Saa nane kasoro dakika kumi simu ikalia, ya picha. Mkono wangu ukatafuta kitufe, Stempu akanibonyezea.

Kwanza niliona dari. Halafu uso wa Pini, pini tatu midomoni. Halafu akageuza simu.

Binti alikuwa ameketishwa kwenye kiti kipana cha magurudumu, miguu mbele, mito chini yake. Ile suruali ilikuwa ya bluu. Pini alikuwa ameipata wapi bluu ile sijui, maana kitambaa cha hospitali ni cheupe siku zote. Ilipita juu ya plasta na juu ya kijiti bila mkunjo hata mmoja, vikamba vimefungwa mafundo madogo pande zote mbili kama mtu aliyejipamba kwa makusudi. Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, kofia mkononi, anatazama vikamba vile badala ya kutazama mtu yeyote.

"Inabana?" nikauliza.

"Hapana, Bibi." Alikuwa anatafuta kitu ubavuni. "Ina mfuko!"

"Inao. Kila suruali ina mfuko."

"Sasa niweke nini?"

"Hilo si kazi ya fundi."

Akaingiza mkono wote mfukoni, akauacha humo, akainua kidevu. Nilikijua kidevu hicho. Ni cha mtu anayejiandaa kupita mbele ya watu.

"Baba, twende," akasema. "Polepole. Wanione."

Pini akawafuata na simu. Niliona sakafu, miguu ya wauguzi, mmoja akipiga makofi, mwingine akimshikia mlango kwa mgongo kwa sababu mikono yake ilikuwa imebeba chupa. Stempu aliegemea bega langu ili aone. Alikuwa na machozi, nami sikumwambia. Kiti kilipofika kwenye kitanda cha mwisho karibu na mlango, sauti nyingine ya kitoto iliita, na kiti kikasimama. Alikuwa msichana mdogo zaidi, mkono umefungwa umening'inizwa juu, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine bado.

"Ndiye alikuwa ananisuka," yule mdogo akamwambia Pini, kama anayeshtaki. Kisha akamgeukia mwenye suruali, akamtazama kutoka kiunoni mpaka kwenye pindo na kurudi juu.

"Umependeza," akasema. "Utarudi kunitembelea? Uje Jumapili, umalizie huu upande. Na uje nayo hiyo hiyo."